Juni 16 tunawavalisha watoto tisheti nyeupe, ila nani anawaambia kilichotokea Soweto?

Chaki ya Kongwa

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu naomba mnivumilie, nimekaa nao moyoni tangu wiki iliyopita.

Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari ya kata, wilaya ya Kongwa huku, shule siitaji. Kila Juni 16 tunapeleka watoto kwenye sherehe ya Siku ya Mtoto wa Afrika. Mnaijua. Turubai mbili, spika inakoroma kwa upepo (Juni huku upepo unakuja na vumbi na baridi, watoto wanacheza halaiki meno yanagongana), ngonjera, risala, mgeni rasmi anaongelea utoro na mimba za utotoni, mambo ya maana sana sikatai, alafu soda na biskuti tunarudi. Safari hii nilisimama pembeni na watoto wangu wa kidato cha nne nikasikiliza kila hotuba kuanzia saa nne mpaka saa saba mchana. Neno Soweto halikutajwa hata mara moja. Yaani siku nzima ya kukumbuka watoto waliopigwa risasi na hakuna aliyesema kwamba walipigwa risasi.

Kesho yake nina kipindi. Nikaandika notisi ubaoni kwa Kiingereza kama utaratibu unavyotaka, kwamba mwaka 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kukataa kufundishwa kwa Afrikaans. Watoto 52 wanakopi kimya. Kuna binti anakaa dawati la dirishani, kalamu yake ameizungushia uzi mwekundu isichukuliwe na wenzake, huyo akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili sauti ya chini: mwalimu, hawa Afrikaans si ndo Waafrika, ndo sisi, sasa mbona Waafrika walikataa lugha yao wenyewe?

Hakuna aliyecheka. Nikaangalia nyuso zao nikagundua hawakucheka kwa sababu wote walikuwa wameelewa hivyo hivyo. Na hapo nikakumbuka mtihani wa mwaka jana, nilisahihisha karatasi kama kumi hivi zimeandika kwamba Waafrika walikataa lugha ya Kiafrika, nikapiga mkasi zote nikaweka sifuri, nikasema hawa hawajasoma. Walikuwa wamesoma. Walikariri notisi zangu neno kwa neno. Mimi ndo sikuwafundisha.

Nikafuta ubao, nikawaambia fungeni madaftari. Nikawaeleza kwa Kiswahili na hapa naeleza vile vile.

Afrikaans ni lugha ya makaburu, wale wazungu waliokuwa wanatawala Afrika Kusini. Sisi wa zamani tunaita Kikaburu na ndo jina zuri kuliko yote kwa mtoto wa Kitanzania kwa sababu halimchanganyi. Makaburu walitunga sheria ya elimu ya watu weusi mwaka 1953, elimu ya kumwandaa mtoto mweusi awe mtumishi wa mzungu na asitamani zaidi ya hapo, na hawakuficha, waziri wao Verwoerd alilisema hadharani. Kufika 1975/76 serikali ile inatumia rand 644 kwa mwaka kwa mtoto mzungu mmoja, na rand 42 kwa mtoto mweusi. Nikaziandika ubaoni hizo mbili, 644 na 42, nikawaambia gawanyeni. Wakapata kumi na tano na ushee. Mtoto mmoja mzungu sawa na weusi kumi na tano.

Alafu 1974 ikaja amri: hisabati na maarifa ya jamii vifundishwe kwa Kikaburu, sayansi kwa Kiingereza, lugha ya nyumbani ibaki kwenye dini, muziki na michezo. Walimu wengi weusi Kikaburu chenyewe hawakijui. Fikiria uko kidato cha pili, jana umejifunza hesabu kwa lugha unayoijua kidogo, leo mwalimu anaingia na kitabu ambacho yeye mwenyewe anakisoma kwa kubabaisha, na mtihani uko pale pale. Watoto walianza kugoma shule moja moja, Orlando West walikuwa wa mwanzo kabisa. Tarehe 13 Juni wakakutana, wakaunda kamati, kijana mmoja wa shule ya Morris Isaacson anaitwa Tsietsi Mashinini, miaka 19, akawa mbele. Wakakubaliana Jumatano tarehe 16 watembee kwa amani mpaka uwanja wa Orlando. Wazazi wengi hawakuambiwa. Mama kamfungia mtoto tai asubuhi akijua anaenda shule.

Walitoka kwa maelfu, na sare za shule. Polisi wakawasimamisha njiani wakawaamuru watawanyike. Mpiga picha Sam Nzima alikuwepo, anasema watoto wakaanza kuimba Nkosi Sikelel' iAfrika. Hapa nikasimama nikawauliza wanafunzi wangu mnaujua huo? Wakasema hapana. Nikawaimbia mstari wa kwanza tu. Darasa zima likashtuka, kwa sababu ni sauti ile ile ya Mungu Ibariki Afrika wanayoimba kila asubuhi mstarini. Aliyetunga ni Enoch Sontonga, 1897, sisi tumeuchukua kwake. Kwa makaburu kuuimba kulihesabiwa uchokozi.

Wakapigwa risasi. Hastings Ndlovu, miaka 15. Hector Pieterson, miaka 12. Ile picha mnaifahamu, kijana wa ovaroli amembeba Hector mikononi anakimbia, pembeni dada yake Hector, Antoinette, na sare yake ya shule, kiganja kimenyooka mbele utadhani anaizuia risasi isirudi tena. Nzima alificha filamu kwenye soksi ndo maana dunia ikaiona. Baadae polisi wakamwandama mpaka akaacha kazi akarudi kijijini kwao. Yule kijana aliyembeba Hector, Mbuyisa Makhubo, miaka 18, akatoroka nchi. Mama yake alipata barua kutoka Nigeria mwaka 1978. Baada ya hapo kimya.

Siku ile haikuishia pale, moto ulienea miji mingi mpaka mwaka uliofuata na tume ya serikali hiyo hiyo ya makaburu, tume ya Cillié, ilihesabu vifo 575. Hiyo ni hesabu ya aliyeua.

Nchi huru za Afrika zikaichukua tarehe hiyo, kuanzia 1991 ikawa Siku ya Mtoto wa Afrika. Wakuu, mimi sina ugomvi na ngoma. Naomba tu mtoto anayevalishwa tisheti aambiwe imeandikwa kwa ajili ya nani, na aambiwe kwa lugha inayomwingia. Na kwa watoto wa Kongwa ndo inauma zaidi maana hao vijana waliokimbia 76 walikuja kwetu hapa hapa Kongwa wakapewa kambi.

---

Zabibu Mbichi

Mkuu nimesoma mpaka mwisho nipo kwenye daladala ya Kizota nimepitiliza kituo. Miaka yote nilijua ni siku ya kupinga ajira za watoto. Nimecheza halaiki Jamhuri pale miaka minne mfululizo, mwaka mmoja nilikuwa naghani ngonjera mimi mwenyewe mbele ya mkuu wa mkoa. Hakuna mwalimu aliyewahi kusema.

---

Area C

Mwalimu heshima yako lakini mimi nina mtazamo tofauti kidogo. Hizi habari za kuwaambia watoto wa miaka 15, 16 kwamba wenzao waliandamana wakawa mashujaa tuwe nazo makini. Kazi ya mwanafunzi ni kusoma. Nyuma ya maandamano ya watoto huwa kuna wakubwa na siasa zao, wakubwa wanabaki salama watoto ndo wanaokufa. Mimi ni mzazi, nina wawili sekondari, nisingependa mwanangu arudi nyumbani na hayo mawazo. Ya Afrika Kusini tuwaachie Afrika Kusini.

---

Chaki ya Kongwa

Ndugu Area C asante na nakuelewa, hata mimi nina wangu wawili. Hofu yako ni ya mzazi siwezi kuidharau.

Ila tuangalie mambo yalivyokwenda. Kabla ya watoto kutoka barabarani wakubwa walishajaribu kila mlango. Bodi za shule zilikataa ile amri, na wajumbe wa bodi ya Meadowlands wakafukuzwa kwa kukataa. Walimu wakuu walilalamika. Desmond Tutu, wakati ule ni mkuu wa kanisa kuu la Anglikana Johannesburg, mwezi Mei alimwandikia waziri mkuu Vorster barua akimwambia ana hofu watu wamefika mwisho wa uvumilivu na damu inaweza kumwagika. Barua hiyo ilitangulia kama wiki tano au sita. Vorster hakuitilia maanani. Kwa hiyo sio kwamba watoto waliwaruka wazazi, wazazi walishasema wakaambiwa nyamazeni. Serikali ikishaziba masikio kwa baba na mama na mchungaji na mwalimu, anabaki nani wa kusema? Anabaki mtoto, kwa sababu yeye ndo anayekaa kwenye lile dawati kila siku.

Na hao wakubwa wa siasa unaowasema, ANC, chama cha ukombozi cha huko, wakati huo viongozi wake wako gerezani Robben Island na uhamishoni, ndani ya nchi nguvu yao ilikuwa ndogo. Mashinini mwenyewe alikataa kujiunga nao hata baada ya kutoroka, alifia Guinea mwaka 1990 bila kuiona nchi yake huru. Watoto wale walikuwa na mawazo yao ya kujitambua kama watu weusi, wanayasoma wanayajadili wenyewe.

Na kingine. Mwezi Julai, wiki chache tu baada ya kuua, makaburu waliiondoa amri ya Kikaburu. Wakaruhusu shule zichague. Mimi kila nikifika hapo nashindwa kuendelea. Kumbe ilikuwa inawezekana! Kumbe ilikuwa ni karatasi tu ya kusainiwa, wangeweza kuisaini Mei ile barua ilipofika, Hector angekuwa mzee wa miaka sitini na kitu sasa hivi.

Mimi siwafundishi wanangu kuandamana. Nawafundisha nini kilitokea.

---

Mzee wa Mbande

Mwalimu, nimesomewa uzi wako na mjukuu na majibu ananiandikia yeye. Umeandika vizuri ila umekosea mahali pamoja na kwa kuwa wewe ni mwalimu nisiache lipite.

Hao vijana wa 1976 hawakuja kambi ya Kongwa. Kongwa ni mapema zaidi. Kongwa ilianza 1964, mimi nikiwa kijana nachunga. Pale palikuwa mabaki ya Waingereza wa karanga, walikuja 1947 na matrekta wakasema watalima karanga nchi nzima iwe shamba, udongo wetu ukikauka ni kama saruji, mvua haikuja, wakafunga 1951 wakaondoka wameacha majengo na reli. Serikali yetu ikawapa wapigania uhuru mahali hapo. Walikuwepo FRELIMO wa Msumbiji, Samora Machel alikuwa pale anafundisha watu wake kabla hajajulikana duniani. Walikuwepo ANC, SWAPO wa Namibia, ZAPU wa Rhodesia, na Waangola. Kila chama na sehemu yake.

Sisi Wagogo tuliishi nao. Walikuja na lugha za kwao lakini Kiswahili walikishika upesi, wengine walisema Kigogo. Walikuwa wanakuja kununua kuku, mayai, maziwa. Walicheza mpira na vijana wetu, na wengine walizaa na dada zetu, watoto wao tunao mpaka leo wanaitwa kwa majina ya babu zetu. Waliofia hapa wamezikwa hapa, makaburi yapo. Mimi nilishika koleo kwenye kaburi moja. Sikujua jina lake halisi maana wote walitumia majina ya vita.

Sasa vijana wa Soweto walipokimbia wengine walipelekwa Angola kwenye jeshi, wengine ambao umri ulikuwa wa shule wakaletwa Morogoro, Mazimbu. Sahihisha hapo uwafundishe watoto sawasawa.

---

Chaki ya Kongwa

Shikamoo mzee wangu. Asante sana na nimepokea. Nimechanganya kambi mbili, na darasani nilisema vile vile kwa hiyo Jumatatu narudi kuwaambia wanafunzi nilikosea na aliyenisahihisha ni mzee wa hapa hapa Mbande aliyeshika koleo.

Mzee kama afya inaruhusu na mjukuu atakubali kukuleta, naomba uje utuzungumzie. Usafiri nitatafuta mimi. Hawa watoto wanapita getini pale kila siku wanadhani ni magofu ya karanga tu.

---

BintiMazimbu

Jamani mimi nimesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, kampasi ya Solomon Mahlangu, ndo hiyo Mazimbu yenyewe. Nilikaa miaka mitatu. Naomba niongezee hapo mzee alipoishia maana wengi wanapita njia ya Dodoma kwenda Dar hawajui wanapita mbele ya nini.

Baada ya 76 vijana walikuwa wengi sana wanavuka mpaka, Botswana, Swaziland, Msumbiji, na wengi ni watoto wa shule ambao hawajamaliza. ANC wakaomba mahali. Serikali ya Tanzania ikawapa shamba la zamani la mkonge Mazimbu mwaka 1977, na 1978 ujenzi na shule vikaanza. Walijenga kila kitu, chekechea, msingi, sekondari, hospitali, karakana ya samani, shamba la mazao na mifugo. Jina ni la Solomon Mahlangu. Alikuwa kijana wa Mamelodi, Pretoria, mzaliwa wa 1956. Baada ya maandamano alitoroka akapata mafunzo ya kijeshi, akarudi Juni 1977 na wenzake wawili, wakakamatwa katikati ya Johannesburg baada ya kurushiana risasi na watu wawili wakafa. Mahakama yenyewe ilikubali sio yeye aliyefyatua, ila wakamhukumu kwa kuwa alikuwa na lengo moja na mwenzake. Wakamnyonga tarehe 6 Aprili 1979, miaka 22. Wenzake wako Mazimbu wanachanganya zege wakapata habari. Shule wakaipa jina lake.

1992 walipokuwa wanarudi kwao waliikabidhi yote kwa serikali yetu, ndo ikawa ya SUA. Mabweni tuliyolala sisi, madarasa, nyumba za wahadhiri, ni wao walijenga. Makaburi yao yapo ndani ya kampasi. Mwaka wa kwanza nilikuwa napenda kwenda kusomea upande ule jioni kwa sababu ya kimya, siku moja nikaanza kusoma tarehe kwenye mawe, kuzaliwa na kufa, nikaanza kutoa moja kutoka nyingine. Ishirini na moja. Kumi na tisa. Kuna kaburi la mtoto mdogo kabisa. Nilifunga daftari nikarudi bweni sikusoma tena siku ile.

Walikufa kwa malaria, kwa ajali, kwa magonjwa, mbali na mama zao, kwa sababu walikataa kusoma hisabati kwa Kikaburu.

---

Nyuma ya Jamatini

Uzi mzuri sana huu. Lakini kwa haki, na nasema kwa nia njema, tusiongelee ya makaburu tu kana kwamba kwetu wanafunzi hawajawahi kukutana na mkono wa serikali. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar waliandamana mpaka Ikulu kupinga JKT ya lazima, ile ya kutumikia na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Bango mojawapo lilisema afadhali wakati wa mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwapokea, akawasikiliza, alafu akawafukuza chuo, karibu 400. Miongoni mwao marehemu Samuel Sitta ambaye baadae akaja kukalia kiti cha Spika hapa hapa Dodoma. 1971 ikaja ya Akivaga, rais wa wanafunzi, Mkenya, akafukuzwa kwa barua aliyoandika kuukosoa uongozi wa chuo. 1978 wakaandamana tena kupinga viongozi na wabunge kujiongezea marupurupu, wakafukuzwa mamia. Hao wa 78 walikuwa wanatetea Azimio la Arusha lenyewe!

Mwalimu Chaki, hayo unayafundisha?

---

Chaki ya Kongwa

Umeniuliza swali zito na nakujibu kweli tupu: sikuwa nayafundisha. Hayapo kwenye notisi nilizorithi na sikuyatafuta.

Tofauti ipo na lazima isemwe, 1966 hakuna mwanafunzi aliyepigwa risasi, na Nyerere siku ile ile alitangaza anajikata mshahara wake kwa asilimia 20, na wengi wa waliofukuzwa walirudishwa baadae. Miezi michache mbele likaja Azimio la Arusha na wengi wanaona mgogoro ule ulichangia. Kiongozi aliyekasirika alafu akajikata mshahara sio sawa na Vorster, hapana.

Lakini ulichosema ni kweli. Kijana aliyetembea mpaka Ikulu na bango alirudishwa kijijini kwao na mzigo wake. Na ya 78 ndo naiona nzito zaidi kwa sababu walikuwa wanadai kile ambacho serikali yenyewe iliwafundisha. Nchi iliyowapokea watoto wa Soweto kwa mikono miwili, ikawapa shamba, ikala nao njaa, hiyo hiyo ilikuwa inawafukuza wa kwake kwa kusema. Yote mawili ni yetu. Nitayafundisha yote mawili.

---

Mzee wa Mbande

1966 mimi nilikuwepo, mjukuu andika. Huku kijijini tulikuwa upande wa Nyerere. Tulikuwa hatuna viatu, mkulima hapati kwa mwaka mzima kile ambacho msomi analipwa mwezi mmoja, tukasikia wasomi wamekataa kutumikia. Tukakasirika. Leo nina wajukuu wasomi naona kumbe ukimfukuza anayesema unalolichukia, kesho atafukuzwa anayesema unalolipenda, na ndivyo ilivyokuwa 78.

---

Area C

Nimerudi. Nimesoma ya BintiMazimbu mara mbili. Sijabadili msimamo kuhusu watoto na maandamano, naomba nieleweke, ila nakubali waambiwe. Usiku nimemuuliza mwanangu wa kidato cha tatu Soweto ni nini akasema ni timu ya mpira.

Swali langu kwa mwalimu ni moja. Unavyoandika ni kama unataka kusema Kiingereza chetu ni sawa na Kikaburu chao. Sio haki. Sisi Kiingereza hatukuletewa na bunduki miaka hii, tumekichagua wenyewe, na wazazi tunauza mpaka ng'ombe kuwapeleka watoto shule za Kiingereza.

---

Chaki ya Kongwa

Sio sawa ndugu yangu, na sijasema ni sawa. Watoto wa Soweto wenyewe walikuwa wanakitaka Kiingereza kuliko Kikaburu, hilo liko wazi. Lugha yenyewe haina dhambi, mimi nakipenda Kiingereza na ndo kinanipa mshahara. Walichokikataa ni kufundishwa usichoelewa na mtu anayejua huelewi na hajali.

Ngoja nikwambie kitu. Mimi nilipokuwa kidato cha kwanza, shule siisemi, ukikutwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao cha mbao shingoni, kimefungwa na kamba ya katani. Unakaa nacho mpaka umsikie mwenzako anaongea Kiswahili ndo unampa yeye. Nilikaa nacho siku tatu kwa sababu nilikuwa naogopa kumpa mtu. Kamba ile inakwaruza hapa chini ya sikio. Nilichojifunza siku tatu zile ni kunyamaza. Sikujifunza Kiingereza hata neno moja, nilijifunza kwamba ukinyamaza uko salama. Na wale 52 wangu wananyamaza vile vile, mimi nikadhani ni nidhamu.

Siku hizi kuna Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa kwa Kiswahili, nenda darasani uone mikono inavyonyooka. Watoto ni wale wale.

---

Zabibu Mbichi

Mwalimu kuna kitu tunaweza kufanya? Mimi nina elfu hamsini. Naongea serious kabisa. Kuwapeleka Mazimbu hao watoto.

---

BintiMazimbu

Natoa elfu thelathini na nitawasubiri Morogoro niwatembeze mwenyewe. Mwalimu andika barua ya shule kwa uongozi wa kampasi mapema iwe na muhuri, usije ukafika getini na watoto 52 ukarudishwa.

---

Area C

Gharama ya gari ni kiasi gani? Nataka na wangu wawili waende, nitawalipia.

---

Chaki ya Kongwa

Wakuu sikutegemea hili, mkono hauandiki vizuri. Mkuu wa shule nimemwonyesha uzi asubuhi, amekubali, amesema tusubiri mtihani wa nusu muhula uishe, na barua ataisaini yeye. Basi dogo la kukodi kutoka Kibaigwa nimeulizia, nitaleta bei hapa wote muone kabla mtu hajatuma hata mia. Mzee wa Mbande amekubali kuja Ijumaa, mjukuu amenipigia.

Jumatatu nilirudi darasani nikasahihisha ile ya Kongwa na Mazimbu. Nikatoa na zile karatasi za mwaka jana, wenyewe wameshamaliza shule lakini nilikuwa nazo kabatini, nikafuta sifuri zote kumi kwa kalamu. Haiwasaidii tena najua.

Yule binti wa dirishani alinyoosha mkono tena. Akauliza huyu Mbuyisa aliyembeba mwenzake, mama yake alipata barua nyingine? Nikamwambia hapana, alisubiri mpaka akafa. Akauliza kama Mazimbu wanaruhusu kuandika majina ya makaburini kwenye daftari.

BintiMazimbu, wanaruhusu?

---

BintiMazimbu

Wanaruhusu. Aje na kalamu mbili.